Tulivyowapa Pumzi Samaki wa Bibi

Juzi hapa Cheyo, mjini Tabora, nilinunua samaki kwa kijana anayepita na baiskeli, kasha jeupe limefungwa nyuma kwa mpira. Alifunua kifuniko akanionyesha sato waliogandishwa, wagumu kiasi kwamba ukiwagonganisha wanalia. "Mama, hawa wametoka ziwani leo alfajiri," akaniambia bila kupepesa macho. Nikacheka. Ziwa gani hilo lililo karibu na Tabora kiasi hicho? Nilinunua tu, kwa sababu wanangu walikuwa wameshaning'ang'ania, na barafu ilipoyeyuka nikajikuta naminya mgongo wa samaki kwa kidole gumba. Kidole kikazama, shimo likabaki. Nikasema kwa sauti, jikoni peke yangu, "Huyu hata Bibi angemkataa." Nikasimama pale na mikono yenye magamba, na kwa muda mrefu sikuweza kuendelea na kazi, maana kwa mawazo nilikuwa nimeshafika Ulyankulu.

Kama umekulia upande wetu huu wa magharibi, unajua kwamba samaki wetu siku zote alikuwa msafiri. Dagaa na migebuka walitoka Kigoma kwa treni, na kabla ya treni walikuja vichwani mwa wapagazi, kwa njia ile ile ya misafara iliyopita kwetu kuelekea pwani. Samaki alifika amekauka, amejikunja, ana chumvi hadi machoni, nasi tukamla na ugali tukashukuru. Samaki mbichi alikuwa habari ya watu wengine. Sasa ngoja nikusimulie kuhusu bonde moja ambako, nilipokuwa darasa la tano, samaki mbichi aliishi kwetu, na sisi watoto ndio tuliomsaidia kupumua. Usicheke kwanza. Nisikilize.

Bibi yangu, mzaa mama, alizaliwa Burundi, tena juu kabisa milimani, siyo kule chini karibu na ziwa kwenye joto. Alivuka mpaka akiwa bado kijana, mama yangu akiwa mgongoni, miaka ile watu walipokuwa wakikimbia, na wakapelekwa Ulyankulu kufyeka pori na kuanza maisha. Habari za kukimbia hakutusimulia hata siku moja. Alitusimulia maji. Alisema kwao ukitumbukiza mguu mtoni asubuhi, yanayouma ni meno. Alisema maji ya kwao hayajui kukaa, yanashuka usiku na mchana yakigonga mawe, na mtu aliyezoea kelele zake akilala mahali pengine anaamka kwa sababu ya ukimya. Jioni, wakati tunapukuchua karanga au kumenya viazi vya kukausha michembe, mtu mmoja angemchokoza kidogo tu, "Bibi, na samaki je?" Basi kazi ingesimama.

Baba yake alikuwa mtunzaji wa mabwawa ya misheni. Yalichimbwa ubavuni mwa mlima kama ngazi, maji ya bwawa la juu yakimwagikia la chini, na la chini kwa lile linalofuata, mpaka bondeni. Samaki wa maji ya baridi, alisema Bibi, hana haraka. Anakula kidogo, anakua polepole, lakini nyama yake imeshikana. Ukiiminya kwa kidole inarudi mahali pake. Kazi yote ya mfugaji wa milimani ni kumtafutia samaki joto. Bwawa linakuwa la kina kifupi ili jua lifike hadi kwenye tope. Miti ya kandokando inakatwa. Maji mapya ya chemchemi, kwa kuwa ni baridi, yanaingizwa kidogokidogo kama dawa ya mtoto. Na samadi inatiwa kwa wingi ili ioze na kuleta chakula, maana kwenye baridi huoza polepole mno. Tuliyajua hayo kwa moyo kama Salamu Maria, ingawa mlima wenyewe hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona. Ulyankulu ni tambarare. Mtoto akitaka kuona mbali anapanda kichuguu.

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kijijini, na ng'ambo ya njia walianza Wanyamwezi, wenyeji wa nchi. Kati yetu na wao kulikuwa na bonde lenye chemchemi ndogo isiyokauka, na wakati wa kiangazi akina mama wa pande zote mbili walilima mboga humo. Kipande kizuri kuliko vyote, kile kilicho chini tu ya chemchemi, kilikuwa cha jirani yetu, mama mmoja wa Kinyamwezi mwenye sauti ya kusikika vijiji viwili na kicheko kikubwa kuliko sauti. Alitupenda, nadhani. Lakini alituita watu wa milimani. Akitaka kumtuma mtu kwetu angesema, "Nenda pale kwa watu wa milimani ukaombe kinu." Tulikuwa tumeishi pale tangu kabla ya mimi kuzaliwa, na bado tulikuwa watu wa mahali pengine.

Siku moja katika kikao cha akina mama wa bondeni, Bibi alisimama akaomba kipande kile cha chemchemi achimbe bwawa la samaki. Nilikuwepo, nimembeba mdogo wangu mgongoni. Watu waliguna. Nani anakula samaki badala ya mchicha? Bibi akasema watakula vyote, wampe tu kiangazi kimoja. Jirani akaifunga upya khanga yake, akasema maneno ambayo nayakumbuka kama yalivyo.

"Sawa, bibi yangu, nakupa. Lakini mpaka mvua za kwanza tu. Mvua ikinyesha nikakuta hamna samaki, unanifukia shimo langu, na mambo ya bonde hili usiyasemee tena."

"Nimekubali, mwanangu," Bibi akajibu.

Labda wewe utaona ni jambo dogo. Lakini mwanamke aliyefika na mtoto mgongoni na sufuria moja kichwani, hana shamba la urithi wala kaburi la babu la kuonyesha, alikuwa amejipatia kitu kimoja tu katika nchi hii: kusimama kikaoni akasikilizwa. Hicho ndicho alichokiweka rehani siku ile. Mama yangu alilia njia nzima tukirudi nyumbani, akimuuliza kwa Kirundi nani amemtuma. Bibi alikuwa ameshaanza kupima kwa macho mahali maji yatakapoingilia.

Tulichimba mwanzoni mwa kipupwe, baada ya mavuno, udongo ukiwa bado laini. Wanaume walikuwa kwenye mabani wakikausha tumbaku, hivyo kazi ilikuwa ya wanawake na watoto, majembe na karai. Bibi alisimamia kila kitu kama bwawa la baba yake. Alipopima kina aliniingiza mimi ndani. Maji yalipopita magoti yangu kidogo akasema basi, inatosha, jua lazima lifike chini. Mkuyu uliokuwa umeinamia chemchemi akaamuru ukatwe matawi yote ya upande wa bwawa. Jirani alipoona matawi yanaanguka alikuja mbio.

"Mayu! Kivuli hicho kimewakosea nini?"

"Samaki anataka jua, mwanangu."

"Huku kwetu jua halitafutwi," akasema, akaenda zake. Mayu kwa Kinyamwezi ni mama, na alilitamka kama mtu anayemwonya mama yake mzazi. Nasi tukamcheka kimyakimya, kwa sababu tulikuwa watoto wa mtaalamu.

Mjomba ndiye aliyeleta mbegu ya samaki. Alikwenda na baiskeli mpaka kwenye madimbwi ya mto Igombe, akarudi jioni na ndoo mbili zilizofunikwa majani ya mgomba, akitembea kwa miguu na kuisukuma baiskeli ili maji yasiruke. Ndani mlikuwa na perege wadogo, wengine hawazidi kidole changu cha mwisho. Bibi hakuwamwaga. Alizizamisha ndoo bwawani, akazilaza ubavu, akasubiri. Wakatoka wenyewe mmoja mmoja, wakitazama, na Bibi akapiga ishara ya msalaba. Sikuwahi kumwona na uso ule. Ulikuwa uso wa msichana.

Miezi ile ya baridi ilikuwa ya raha tupu. Unajua kipupwe cha Tabora, asubuhi unavyotoka nje ukajikunyata, moshi wa kuni umelala juu ya nyumba na vidole havitaki kushika jembe. Tulikwenda bondeni kabla ya shule tukiwa na pumba za mahindi kwenye kibakuli, tukapiga maji kwa kiganja, nao wakaja. Walijifunza haraka. Tulitia samadi ya ng'ombe kwa wingi kama tulivyofundishwa, na maji yakawa ya kijani kibichi. Kazi kubwa ilikuwa kumlinda samaki dhidi ya mdiria, ndege yule mwenye mdomo mrefu anayening'inia hewani halafu anajirusha majini. Tulimtupia mabonge ya udongo tukamtukana kwa lugha tatu. Kaka yangu alidai alimpiga mmoja. Leo ana watoto wakubwa na bado anadai. Shuleni mwalimu aliuliza ni nani anayeweza kutaja faida za ufugaji wa samaki, nikasimama nikazungumza mpaka kengele ikalia. Watu wakaanza kutoka mbali kuja kutazama. Jirani naye alikuja, akachuchumaa ukingoni, akaona migongo inavyopita chini ya maji, akasema, "Kumbe wapo kweli." Bibi akajibu kwamba wapo, na siku hiyo alikula ugali mwingi kuliko kawaida.

Kisha joto likaingia. Wewe unalijua joto la mwezi wa tisa na wa kumi, majani yameungua, upepo unanuka moshi wa mashamba, hata mbwa anahama na kivuli. Chemchemi ilipungua lakini haikukauka. Maji ya bwawa yalikuwa ya moto mchana kiasi kwamba sisi tulifurahi kuyakanyaga. Tulifikiri na samaki wanafurahi. Ndivyo tulivyofundishwa: joto ni heri.

Asubuhi moja nilifika na kibakuli changu, nikapiga maji, hakuja hata mmoja. Nilipoinama nikaona juu ya maji, bwawa zima, midomo. Midomo midogo ya mviringo ikifunguka na kufumba, wote wamepanda juu wakitafuta kitu ambacho hakimo majini. Wengine walikuwa wamelala ubavu. Harufu ilikuwa ya samadi iliyochacha. Nilikimbia nyumbani nikipiga kelele, na Bibi akaja bila kiatu na bila kitambaa kichwani. Alisimama ukingoni, akaitazama midomo ile, akakaa chini pale pale kwenye tope. "Wanakufa kwa kukosa pumzi," alisema. Aliokota mmoja aliyekufa, akamminya mgongo. Kidole kikazama.

Mpaka jua linapanda, akina mama wengi wa bondeni walikuwa wamefika, wengine na vikapu mikononi. Huwezi kuwalaumu, samaki anayekufa asubuhi mchana haliki. Mama yangu alisema bora tuwavue wote sasa hivi, wadogo walivyo, wakaliwe, aibu iishe. Mjomba alisema hivyo hivyo. Kila mtu alikuwa anamtazama Bibi, na nilijua, mtoto kama nilivyokuwa, kwamba wakivua leo basi mvua itakuta bwawa tupu, na Bibi hatasimama tena kwenye kikao chochote. Nilimshika mkono.

Alisimama akayapangusa matope. Halafu alizungumza kwa Kiswahili chake kile chenye mlima ndani yake, taratibu, ili kila mtu asikie.

"Nimekosea mimi. Niliwachimbia bwawa la kwetu. Kwetu samaki anakufa kwa baridi, nikawatafutia joto. Nimekata mti, nimefupisha maji, nimejaza samadi kama ya mlimani. Huku inaoza kwa siku moja, inakula pumzi yote. Hawa samaki ni wa hapa, nami nimewafuga kama wakimbizi."

Nilitamani ardhi inimeze. Leo nikilikumbuka neno lile, kifua kinanijaa. Nimekutana na wakubwa wengi wenye ofisi na viti vya kuzunguka, na sijaona hata mmoja aliyesimama mbele ya watu akasema amekosea wapi, kwa utaratibu, kitu kimoja baada ya kingine, kama alivyofanya bibi yangu akiwa na tope kwenye magoti. Akageuka kwa jirani. "Mwanangu, wewe umezaliwa hapa. Joto hili likija, samaki wa mto Igombe wanakwenda wapi?"

Jirani alikuwa ameshika kikapu. Alikitazama, akakiweka chini.

"Wanashuka kwenye shimo," akasema. "Kule kwenye mizizi ya miti, maji meusi, ukitia mguu unashtuka. Wanakaa humo mpaka mvua. Marehemu baba yangu alikuwa anawavua humo kwa mikono."

"Basi tuwachimbie shimo."

"Leo?"

"Kama utanikopesha na lile tuta lako lingine."

Nilimwona jirani akifungua kinywa, nikajua sasa ndiyo mwisho. Tuta lile ndilo lilikuwa limebaki na mchicha wake wote. Akapiga kicheko chake kile kikubwa. "Bibi, wewe utanimaliza! Haya, nani ana jembe?" Yeye ndiye aliyeng'oa shina la kwanza la mchicha, akalitupa ukingoni, na wengine wakaweka vikapu chini.

Tulichimba chini tu ya chemchemi, kwa zamu, wanawake wa pande zote mbili, siku ile na siku zilizofuata, shimo la kumfunika mtu mzima. Juu yake mjomba alisimamisha miti na kuezeka nyasi, ikawa nyumba isiyo na kuta. Tulipobomoa ukuta wa udongo uliolitenga na bwawa, samaki waliobaki waliingia humo bila kusukumwa. Lakini kabla ya shimo kwisha palikuwa na zile asubuhi, na ndizo nilizotaka kukusimulia tangu mwanzo.

Bibi alisema hatari ni alfajiri, kabla jua halijatoka, ndipo pumzi inapokwisha majini. Alisema, "Kwetu maji yanaanguka. Huku yamelala. Tuyaangushe." Basi kila alfajiri watoto wa kijiji chetu na watoto wa Kinyamwezi tuliamshwa, tukateremka bondeni na vibuyu, kata, makopo ya rangi, sufuria zisizo na mikono, chochote kinachoshika maji. Tuliingia bwawani tukasimama mistari miwili tukitazamana, tukachota, tukainua juu ya vichwa, tukamwaga. Tukachota tena. Maji yalipokuwa yanaanguka kutoka juu yalipiga kelele, na Bibi, aliyekaa ukingoni amejifunika blanketi, alikuwa akisema, "Juu zaidi! Mlima gani huo mfupi?" Tulilowa mpaka kwenye kope. Tulitetemeka, meno yakagongana, tukacheka ovyo. Mikono iliuma hadi tukawa hatuwezi kuandika vizuri shuleni. Lakini ukitazama chini, katikati ya miguu yetu, midomo ile ilikuwa imekuja pale povu linapoanguka, inakunywa pumzi, halafu mmoja mmoja walizama kurudi chini wakiwa wazima. Jirani alileta uji wa mtama kwenye ndoo, wa moto, una karanga, akatugawia sote kwa kata moja bila kuuliza nani ni mtoto wa nani. Siku ya tatu au ya nne niligundua kwamba Bibi amefumba macho. Nilidhani amelala. Kumbe alikuwa anasikiliza maji.

Mvua ilichelewa, kama kawaida yake inapojua inangojewa. Ilipokuja ilikuja mchana, tukiwa shuleni, ikapiga mabati hadi mwalimu akaacha kufundisha. Sikungoja kengele. Nilikimbia kwenye mvua ile na viatu mkononi, na nilipofika bondeni nilikuta akina mama wameshakusanyika kando ya lile paa la nyasi, na jirani amesimama mbele yao amefunga khanga kiunoni. "Mvua ya kwanza hii," alikuwa anasema. "Tulipatana. Haya, nionyeshe samaki."

Bibi akamwita mjomba na kaka yangu. Wakashusha kitambaa cha chandarua kuukuu shimoni, wakakiburuta, wakakiinua. Ah! Wewe, ungekuwepo! Kilipanda kimejaa fedha. Perege wa upana wa kiganja cha mtu mzima wakirukaruka, mikia inapiga, watoto wanapiga vigelegele utadhani ni harusi. Hawakuwa wengi kama tuliowatia. Wengi tulikuwa tumewazika. Lakini walikuwepo, wazima, wazito. Bibi aliokota mmoja, akamminya mgongo kwa kidole gumba mbele ya watu wote. Nyama ikarudi mahali pake.

Kikapu cha kwanza alimpa jirani, mwenye shamba. Jirani akakipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama mtu anayepokea kwa mkubwa wake. Jioni, tulipokuwa tunapika wote uani kwake, samaki wamewekwa juu ya makaa, wengine kwenye chungu na nyanya na karanga zilizopondwa, alifika mgeni kutoka Usoke akauliza huyu samaki mbichi wa bondeni ni wa nani, maana amesikia anauzwa. Jirani akamjibu akiwa ameshika mwiko, bila hata kugeuka, "Hapa hauzwi. Huyo samaki ni wa kwetu." Akaendelea kukoroga. Nilimtazama Bibi kuona kama amesikia. Alikuwa amesikia. Aliinamisha kichwa akajifanya anatoa mfupa kwenye samaki wa mdogo wangu, na hakukuwa na mfupa.

Bwawa lile lilikaa miaka mingi. Bonde lilikuwa na mabwawa mengine baadaye, ya akina mama wa pande zote mbili, yote yenye shimo na paa, na Kwaresima watu walitoka mbali kufuata samaki kwetu. Matawi ya mkuyu yalirudi kuota na hakuna aliyeyagusa. Nilisoma huko kwa ada ya shule iliyonuka samaki, nikaolewa huko, na sijawahi kuionea haya harufu hiyo. Ulipofika wakati malori yalipokuja kuwachukua waliotaka kurudi Burundi, mjomba alikwenda, na watu wengi wa kijiji chetu walikwenda. Bibi aliulizwa kama hautamani mlima. Akasema anautamani kila siku. Kisha akachukua kibakuli cha pumba akateremka bondeni.

Sasa hayupo. Jirani naye alimfuata kabla ya mwaka kwisha, nao wamezikwa karibu karibu, kwenye mwinuko mdogo unaotazama bonde. Chemchemi imekuwa dhaifu, kwa sababu miti yote ya juu yake imeishia kuwa kuni za mabani ya tumbaku, na mkuyu umeanguka wenyewe kwa uzee. Hakuna tena mtoto anayeamshwa alfajiri kumwaga maji. Wangeamshwa kwa ajili ya nini? Vibuyu vyenyewe havilimwi. Nikikuambia sioni uchungu nitakuwa nakudanganya. Lakini uchungu wangu una kichwa kilichoinuka, kwa sababu kuna watu wengi wanaokumbuka utoto wao kwa yale waliyopewa, na mimi naukumbuka kwa kile tulichokifanya.

Mwaka jana nilipita huko. Bonde lote ni majaruba ya mpunga. Kijana mmoja alikuwa akipalilia, suruali imekunjwa, simu imefungwa shingoni ndani ya mfuko wa plastiki. Alinipa shikamoo, nikamwitikia, nikamwambia kwamba pale aliposimama palikuwa na bwawa la samaki. Akatazama miguu yake, akashangaa. Aliniuliza ni mradi wa nani huo, ni wazungu, ni wamisionari, au ni wale wakimbizi wa zamani. "Walichimba akina nani, mama?"

Nilitazama ule mwinuko wa makaburi, kisha nikamtazama yeye.

"Wenyeji," nikamwambia.